Mizani ya Watoto Migombani

Mizani yenyewe ilikuwa ya duara, nyeupe, uso wake kama saa ya ukutani, ila badala ya mishale miwili ilikuwa na mmoja tu, mwekundu. Juu ina kulabu ya kuitundikia, chini ina kulabu ya kumtundikia mtoto. Mtoto anavishwa kwanza suruali ya turubai yenye kamba ndefu, ananing'inizwa pale anarusha mateke hewani, na wewe unasoma uzito wake. Nilikabidhiwa siku ya mwisho ya mafunzo mjini Moshi, pamoja na daftari, kalamu mbili na begi la kitambaa. Siku hiyo nilipandisha njia ya kwetu Mwika nimeipakata kifuani utadhani yenyewe ndiyo mtoto. Mzee mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe kando ya njia akanisimamisha.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Binti, hiyo saa yako inasema saa ngapi?"

"Si saa, babu. Ni ya kupimia watoto."

"Aa. Basi mimi nimechelewa," akasema, akaendelea kukata majani.

Nilicheka mpaka nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na wakati ule nilikuwa nacheka ovyo. Darasa la saba nilifaulu ila sikuchaguliwa, kama walivyosema kuhusu wengi wetu, na baba hakuweza shule za kulipia. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milimani na pikapu zao, na kila mkulima alikuwa hajui kesho inasemaje. Mimi nilibaki nyumbani nikiota unesi. Nilikuwa nakwenda kukata majani migombani, nasimama mbele ya mgomba mmoja baada ya mwingine, naugusa kwa kiganja: "Haya mama, joto limepungua. Wewe dada, dawa umemeza?" Kwa hiyo kijiji kilipotafuta msichana wa kwenda kusomea uhudumu wa afya kwa wiki chache, mama alinisukuma mbele ya mkutano kwa mikono miwili.

Kazi yangu ilikuwa kupima watoto wachanga, kuandika uzito kwenye kadi zao za kliniki, na kuhakikisha wanaletwa kuchanjwa. Nesi alikuwa anapanda kutoka zahanati kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na kisanduku chake cha barafu begani. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya korongo. Kliniki alikuwa anaifanyia kwenye jengo la shule ya Jumapili la usharika, pale kando ya barabara ya vumbi.

Alhamisi yangu ya kwanza nilifagia, nikapanga mabenchi, nikatundika mizani kwenye boriti. Wakaja watoto wawili.

"Watoto wako wapi?" akauliza nesi.

"Wako nyumbani, sista."

"Nyumbani wanafanya nini? Wanalima?"

Nikamweleza, ingawa alikuwa anajua. Kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu. Halimi, hachoti maji, haonekani barabarani. Mama mkwe wake ndiye anayempikia: mtori wa ndizi asubuhi, maziwa, supu, mtori wa jioni, samli juu yake. Siku ya kutoka anavalishwa vizuri, anapelekwa sokoni, watu wamtazame alivyong'aa na mtoto alivyonona. Na sifa za siku ile si za mzazi. Ni za mama mkwe. Sasa zile sindano za mwanzo, za kifaduro na pepopunda, na matone ya polio, yote yanatakiwa miezi ileile ambayo mtoto yuko ndani ya blanketi kwa bibi yake.

Nesi alinisikiliza huku akifunga kisanduku. "Mwanangu, mila ni zenu, mimi sizigusi. Lakini chupa ya chanjo nikishaifungua siwezi kuirudisha. Leo nimechanja wawili, iliyobaki nimemwaga. Nitaendelea kumwaga mpaka lini? Nakupa kliniki mbili, ya mwezi ujao na ya mwezi unaofuata. Nikikuta mabenchi matupu, nahamishia kliniki chini, barabara ya lami. Kule wananisubiri."

Kwenda barabara ya lami kutoka nyumba za juu ni asubuhi nzima, na kurudi ni kupanda mlima na mtoto mgongoni. Nilijua hakuna atakayekwenda. Nilijua na jambo jingine ambalo sikumwambia nesi. Mdogo wangu aliyenifuata alichukuliwa na kifaduro akiwa mchanga. Mama hamzungumzii kamwe, ila mtoto yeyote akikohoa kanisani mama anageuka, hata katikati ya sala.

Nikaamua kama watoto hawaji kwenye mizani, mizani itawafuata. Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Nilipenda kazi ile kupita kiasi. Asubuhi umande umejaa kwenye majani ya migomba, maji yanateremka kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, na mimi na begi langu, nabisha hodi: "Hodi wenyewe! Mizani imefika!" Watoto nilikuwa nawapima, nasoma, naandika. Kadi ilikuwa na rangi tatu. Kijani ni mtoto anayeendelea vizuri. Kijivu ni wa kuangaliwa. Nyekundu ni wa kukimbizwa hospitali. Watoto wangu wengi niliona wanaangukia kijivu, na nilikuwa nasikitika, nawaambia mama zao taratibu, na wao wananitazama kwa mshangao. Moyoni nikasema, hii ndiyo sababu nimeletwa hapa.

Jumapili moja baada ya ibada nikafika kwa bibi mmoja wa nyumba za juu, karibu na kichwa cha mfongo. Bibi huyu alikuwa mtu wa kuulizwa. Kama kuna posa, anaulizwa. Kama ng'ombe amekataa kula, anaulizwa. Mkwe wake, niliyesoma naye darasa moja, alikuwa ndani na mtoto wa wiki sita. Nje ya jikoni walikuwa wamekaa wanawake kama wanane waliokuja kumwona mzazi, kila mmoja na kibuyu chake cha maziwa au kifurushi cha samli, na bibi yuko katikati yao na upawa mkononi, anawapakulia mtori.

Nikaona, bahati gani hii. Watu wote wamekusanyika. Nitawafundisha kwa pamoja.

Nikatundika mizani kwenye boriti ya banda la kuanikia kahawa. Mtoto akaletwa, akavishwa suruali, akaning'inia akitazama mlima kama mwenyewe ndiye aliyeuweka pale. Nikasoma, nikachora nukta kwenye kadi, kisha nikageukia wageni kama mwalimu.

"Mnaona hapa? Ameangukia kijivu."

"Kijivu ndiyo nini?" akauliza bibi.

"Ndiyo kwamba hapati chakula cha kutosha."

Upawa ukasimama hewani.

"Nani hapati chakula?"

"Mtoto, bibi."

"Mtoto anakula nini?"

"Ananyonya."

"Na anayemnyonyesha anakula nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kuona nilikokuwa naelekea, lakini miguu ilishateleza.

"Anakula mtori," akajijibu mwenyewe, "ninaoupika mimi. Kwa hiyo unasema mimi."

"Sijasema hivyo, bibi..."

"Yeleuwi!" akadakia mwanamke mmoja mwenye kitambaa cha njano, bakuli lake limejaa. "Kumbe lile sufuria kubwa ni la maonyesho!"

Wenzake wakacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu, cha utani, lakini nikamwona bibi kinamwingia. Mlangoni kwa ndani nikamwona na yule mwenzangu wa darasani, amejishika shavu, machozi yanamlengalenga. Bibi akamtoa mtoto kwenye kamba yeye mwenyewe, akamfunika.

"Chukua saa yako," akaniambia bila kupaza sauti, "utoke kihambani kwangu."

Habari kwetu haisubiri. Kufikia siku ya soko ilishafika Mwika yote kwamba kuna binti anapita anapima mitori ya watu. Nikibisha hodi najibiwa, "Mtoto amelala." Nikirudi jioni, "Bado amelala." Nyumba moja walinijibu mtoto amelala na huku namsikia analia. Alhamisi ya kliniki ya pili akaja mtoto wa mwalimu mmoja, na wa binamu yangu niliyemburuta. Nesi hakunigombeza. Aliandika kitabuni, akafunga kisanduku, akasema, "Bado moja," akateremka. Afadhali angenigombeza.

Nyumbani nilimkuta mama anapukuchua maharage. Nikajitupa kwenye kigoda, nikamweleza kliniki inahama.

"Na yule bibi ulishamrudia?" akauliza.

"Nimrudie kumwambia nini, mama? Kadi ilikuwa kijivu kweli."

"Sikuulizi habari za kadi. Umemwaibisha mtu mzima nyumbani kwake, mbele ya wageni wake, juu ya chakula chake. Kadi itakuombea msamaha?"

Akanyanyuka, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, akarudi na isale. Ni jani refu tu la kijani, tunalipanda mipakani, lakini ukimkosea mtu ukamletea limefungwa fundo, huwa umeshasema yote. Na anayeletewa akikataa, lawama zinahamia kwake. Mama akalifunga fundo, akanipa. "Nenda asubuhi. Na usianze kufundisha."

Nilimkuta bibi peke yake jikoni, anamenya ndizi za mtori.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Hakuinua macho.

Nikapiga goti, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili. Hakulipokea. Alimaliza ndizi aliyoshika, akachukua nyingine.

"Kisu kingine kiko pale," akasema. "Weka hilo jani kwenye kigoda, lisichafuke."

Nikamenya. Tulimenya mkungu karibu wote, utomvu ukavigeuza vidole vyangu vyeusi. Ndizi ya mwisho ilipoingia sufuriani, bibi akafuta mikono, akalichukua isale, akalichomeka juu ya mlango.

"Haya. La ulimi wako limekwisha," akasema. "Sasa bado la mizani yako. Unayo hapo?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa naibeba kila mahali, hata ninapokwenda kuomba msamaha.

Akaniambia niitundike palepale kwenye banda la kahawa. Nikataka kuivisha ile suruali. "Acha. Ikae tupu. Sogea hapa, simama macho yako yawe sawa nayo. Mshale uko wapi?"

"Kwenye sifuri, bibi."

"Tazama tena, usinijibu kama uko darasani."

Nikatazama. Mshale haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa umerudi nyuma yake, kidogo tu, upana wa kidole.

"Wale wa pikapu," akasema bibi, "walipoanza kuja kununua kahawa hapa, walikuwa wanatundika gunia haraka haraka. Hujatazama mshale, gunia limeshapanda, wanakusomea. Kila mtu analia kahawa yake imekuwa nyepesi mwaka huu, sijui ni mvua, sijui ni wadudu. Mimi nikawaambia, ngoja kwanza, iache tupu niione. Tangu siku hiyo wakifika kwangu wanaanza kwa kuning'iniza hewa. Sasa wewe umekuja hapa mbio mbio na mjukuu wangu, nikasema huyu ni mtoto wetu, huyu hawezi. Sikutazama. Na mimi ni mjinga vilevile."

Akaingia ndani, akatoka na pakiti ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa. Tukaifunga kwenye kulabu kwa kamba ya mgomba. Mshale ukapanda, ukasimama karibu na nusu.

Bibi akauangalia. Akaniangalia mimi.

"Na sukari nayo," akasema, "mama mkwe wake hampikii?"

Sikujua nicheke au nijifiche. Nikatoa daftari langu la mafunzo, nikafunua kurasa za mwanzo kwa vidole vile vyeusi. Ilikuwa pale. Maandishi mazuri, yamepigiwa mistari miwili kwa kalamu nyekundu.

"Imeandikwa nini?" akauliza bibi. Yeye hakuwa amesoma.

Nikasoma kwa sauti inayozidi kupotea: "Kabla ya kupima, hakikisha mshale uko kwenye sifuri. Kama hauko, zungusha skrubu iliyopo juu."

"Na hayo ameandika nani?"

"Mimi, bibi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka akashika goti, akafuta macho na ncha ya kanga, akatulia, akaniangalia, akaanza upya. Mkwe wake akatoa kichwa mlangoni kuuliza kuna nini, na bibi hakuweza kumjibu, akawa anaonyesha tu ile sukari inayoning'inia. Mwishowe na mimi nikaanza kucheka, huku nalia.

Tukazungusha skrubu kwa ncha ya kisu cha ndizi. Sukari ikafika kilo moja. Bibi akairudisha mizani tupu, akaipima tena sukari, akarudia mara ya tatu, kisha akasema, "Mleteni mwenyewe." Mwenzangu akamleta mtoto hadi pale bandani. Mshale ukapanda, ukapita nilipouacha siku ile, ukatulia. Nikachora nukta. Ilikaa kwenye kijani, juu kabisa.

Vigelegele alivyopiga bibi vilisikika mpaka nyumba ya nne. Najua, kwa sababu nyumba ya nne walijibu.

Furaha yangu haikufika mbali. Nikakumbuka daftari langu jingine, lile la majina ya watoto. "Bibi, wale wengine wote! Nimewaandika vibaya wote. Nimewatia hofu mama zao bure."

"Basi unakaa hapa kulia mpaka wakue?" Akajifunga kanga ya pili, akachukua fimbo yake, akaifutika ile pakiti ya sukari kwenye pindo la kanga. "Twende."

Tulizunguka siku nne. Kila nyumba bibi alikuwa anatangulia kubisha hodi, na kwake hakuna mtoto aliyekuwa amelala. Mimi nilikuwa naomba radhi, nasema kosa langu lote, skrubu na daftari na yote. Kisha bibi anawaita mabibi wenzake: "Njooni mtazame ikiwa tupu. Mmeona? Haya, sukari sasa. Mmeona? Haya, mtoto." Na wale mabibi, ambao wote walishaibiwa na mizani za kahawa, walisogeza macho karibu na kile kioo mpaka pumzi zao zikaacha ukungu. Watoto walianza kupanda kijani mmoja mmoja. Bibi mmoja alidai nimpime mjukuu wake mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza jirani yake alikuwa hajafika kushuhudia. Mwingine akaniuliza kwa kunong'ona, "Na wa yule mwenye kitambaa cha njano, ana ngapi?"

"Siruhusiwi kusema, bibi. Siku hizi nimejifunza."

"Lakini wangu amemzidi?"

"Bibi!"

Mtoto mmoja hakupanda. Tulipima tena, tukarudisha sukari, tukapima tena. Alibaki kwenye kijivu. Bibi yake alikuwa ameutazama mshale mwenyewe tangu mwanzo. Akamkumbatia yule mtoto, akatikisa kichwa polepole.

"Basi kweli amepungua," akasema. "Tufanye nini?"

Tangu nianze kazi ile hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikakaa naye chini nikamweleza, kunyonyesha mara ngapi, dalili zipi za kutazama, na kwamba lazima nesi amwone.

"Nesi yuko barabarani," akasema, "na mzazi wangu bado mwezi mzima atoke."

Ndiyo shida ilivyorudi palepale. Mizani walikuwa wameikubali, lakini sindano ilikuwa kando ya barabara. Nikamtazama yule bibi niliyekuja naye. Alikuwa ameegemea fimbo anatazama migomba, anatafuna kitu ambacho hakikuwepo.

"Kwani nani alisema mzazi hatembei?" akasema. "Mzazi hatoki. Kutoka ni barabarani. Kutoka ni sokoni. Lakini kihambani ni kwake. Hiki kihamba kimegusana na cha jirani, cha jirani kimegusana na cha mdogo wangu, cha mdogo wangu kimegusana na changu. Akipita migombani mpaka kwangu ametoka wapi?"

Mabibi wale wawili wakatazamana kama watu wanaopima uzito.

"Hajatoka," akasema mwenzake.

Siku iliyofuata niliteremka zahanati kumwomba nesi. Alinitazama juu ya miwani.

"Kihambani? Nichanje watoto karibu na kinyesi cha ng'ombe?"

"Tutafagia, sista. Meza ipo. Maji ya kuchemsha yapo. Sabuni ipo."

"Na nikipanda huko juu na hili sanduku nikute uwanja mtupu?"

"Hutakuta mtupu, sista," nikasema, ingawa sikuwa na hakika.

Alhamisi ya kliniki ya mwisho, ile ya kuamua, niliamka na jogoo wa kwanza. Tulifagia uwanja wa bibi mpaka udongo ukang'aa. Vijana walikuwa wamelaza vigogo juu ya mfongo pale ambapo wazazi wangevuka, na baba mmoja mwenye mbwa mkali aliahidi kumfungia zizini. Nesi alifika anahema, akaweka kisanduku mezani, akaangalia uwanja. Kulikuwa na mimi, bibi, mkwe wake na mtoto, na kuku.

"Mmoja," akasema nesi.

"Karibu mtori kwanza, sista," akasema bibi.

Nesi akala. Mtori ukaisha bakulini. Jua likapanda juu ya migomba. Nesi akatazama saa yake ya mkononi, akanawa mikono, akatia kidole kwenye kifungo cha kisanduku lakini hakukifungua. Nikasikia mbwa anabweka mbali, zizini. Nikasikia tena maji ya mfongo. Nilitamani kukimbilia kila nyumba nikawatoe kwa mkono, na bibi akanishika kanga kwa nyuma. "Tulia wewe. Unafikiri mzazi anakimbia?"

Kisha majani makavu yakaanza kulia.

Wa kwanza alikuwa yule mwenye kitambaa cha njano, anatangulia na panga anafyeka njia kana kwamba tuko msituni, na nyuma yake mkwe wake amejifunika kanga mpaka machoni. Nyuma yao wengine wawili. Upande wa mfongo wakaja watatu, bibi mmoja akimshika mkwe wake kiuno kwenye vigogo: "Taratibu, taratibu, huyu akianguka mimi nitamwambia nini mwanangu!" Wakatokea upande wa juu, wakatokea nyuma ya zizi. Kila mzazi na mama mkwe wake, kila mama mkwe na blanketi zuri kuliko yote aliyo nayo. Wazazi ambao hawakuwa wameonana wiki nyingi walishikana mikono, wakaanza kutaniana mashavu yalivyojaa. Uwanja ukajaa kanga. Yule mtoto wa kijivu alikuwemo.

Nesi alisimama na mkono juu ya kisanduku. "Hawa walikuwa wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani, sista. Walikuwa wanalima."

Akanipiga kofi la begani, kwa upendo, lakini lilikuwa kofi.

Bibi alikaa kando ya mizani tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuruhusu mtoto kutundikwa kabla mshale haujatazamwa. Nesi alipotaka kuharakisha, akamwambia, "Sista, wewe una sindano, hii niachie mimi." Nesi akarudi kwenye sindano zake. Mimi nilisoma na kuandika, na kila kadi nilimwinamia mzazi mwenyewe, nikamwonyesha kwa kidole, nikamwambia sikioni. Mabibi waliokuwa wamezunguka walivuta shingo wasikie, hawakusikia kitu. Yule mtoto wa kijivu nesi alimkagua kwa utulivu, akazungumza sana na mama yake, akamwandikia dawa, akasema atamtazama tena. Bibi yake akapokea kile kikaratasi kama hati ya shamba.

Katikati ya kazi nesi akageuza chupa juu chini, akaikung'uta. Ilikuwa imekwisha. Akaingiza mkono kwenye barafu, akatoa nyingine, akaiinua tuione sote.

"Ya pili!" akasema. "Sijawahi kufungua ya pili huku juu."

Mabibi wakapiga vigelegele, ingawa sidhani kama wote walijua wanashangilia nini. Mimi nilijua. Nilikwenda nyuma ya banda la kahawa nikasimama kidogo peke yangu, nikamfikiria mdogo wangu, kisha nikarudi kuandika.

Mchana ulipopinda nesi akafunga kisanduku. Alitoa kipande cha chaki mfukoni, akaandika kwenye mlango wa banda tarehe ya mwezi ujao, kwa tarakimu kubwa. "Alhamisi ya kwanza. Hapa hapa," akasema. "Na huo mtori, bibi, uongeze nyama." Nikamsindikiza mpaka njia kubwa.

Niliporudi wazazi walikuwa wameshaondoka, kila mmoja amerudi alikotokea. Sikuwaona. Niliwasikia tu. Sindano zilianza kuuma, na watoto walikuwa wanalia, mmoja kule juu, wawili ng'ambo ya mfongo, mwingine karibu na zizi la yule mbwa, kilio kinaitikia kilio, migomba yote inalia sauti nyembamba zenye hasira. Na katikati ya vilio mabibi wanabembeleza. Nilisimama pale uwanjani na ufagio mkononi nikisikiliza, nikijaribu kuwatambua mmoja mmoja kwa sauti zao. Nadhani niliwapata karibu wote.